Chipego Hasemi ni Wangapi

Saa mbili asubuhi katika soko la Kashikishi, mjini Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, Chipego Mudenda anakoroga sufuria juu ya mkaa. Anayepita anadhani ni uji wa mtoto. Ndani yake mna wanga wa muhogo, maji na chumvi kidogo, na Chipego anakoroga bila kuacha mpaka uji unakuwa mzito, laini, wenye kung'aa. Anauepua, anasubiri upoe, anapima joto lake kwenye kifundo cha mkono. Kisha anaumimina ndani ya chupa iliyokuwa ya mchuzi wa nyanya.

Halafu anampaka paka tumboni.

Paka ni jike, mwenye milia, na hapendi. Ameshikwa na Sébastien, mfanyabiashara kutoka Kilwa, mji wa Kongo ulio ng'ambo, ambaye huvuka Ziwa Mweru kununua chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Leo kuna joto la Oktoba, lakini Sébastien amevaa koti la mvua lenye mikono mirefu. Amewahi kuparuliwa.

"Docteur, pole pole," anasema. "Huyu paka eko na hasira kama bamama ba douane, bale ba forodha."

"Miye si docteur," Chipego anajibu. "Shika miguu ya nyuma."

Anaweka tumboni mwa paka kichwa cha mashine, kitu kinachoenea kiganjani, chenye waya mmoja uliochomekwa kwenye simu. Kioo cha simu kinajaa moshi wa kijivu. Mkono wake unasogea taratibu, unainama, unarudi. Kisha unasimama.

"Angalia hapa."

Katikati ya moshi kuna mfuko mweusi. Ndani ya mfuko kuna kitu kidogo kama punje ya haragwe, na katikati ya punje kitu kinametameta bila kupumzika.

"Ni nini inacheza?"

"Moyo."

Sébastien, mtu wa maneno mengi, anainama karibu na kioo mpaka pumzi yake inakitia ukungu. Halafu anauliza swali ambalo kila mtu huuliza katika chumba hiki, nyuma ya duka la dawa za mifugo.

"Beko ngapi?"

"Eko na mimba. Batoto beko bazima."

"Miye nauliza beko ngapi."

"Hiyo sisemi," Chipego anamwambia, na kumpa kitambaa cha kumfutia paka.

Chipego ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Monze, kusini mwa Zambia, katika nchi ya Watonga, ambako mtu huhesabiwa kwa ng'ombe wake. Alisoma hadi kidato cha tano, akajifunza kazi ya msaidizi wa mifugo, na miaka sita iliyopita akaja Nchelenge na mradi wa kupima mimba za ng'ombe na mbuzi kwa altrasaundi.

"Nilifika na mashine ya ng'ombe pahali ambapo makanisa yalikuwa mengi kuliko ng'ombe," anasema, akicheka. "Mbuzi walikuwepo. Lakini mwenye mbuzi hakutaka kujua. Alisema, mimba itajionyesha yenyewe."

Mradi ukaisha, wenzake wakarudi. Mashine ilinunuliwa na mwenye duka la dawa za mifugo hapo sokoni, na Chipego akabaki nayo kama mwajiriwa wa duka. Siku moja mvuvi alileta mbwa aliyevimba tumbo, akauliza kama ile mashine inaweza kuona. Ilionekana mimba. Wiki iliyofuata walikuja watatu.

Kumpima mbwa ni kwacha sitini, paka arobaini. Wengi hulipa kwa samaki, na mwenye duka amekubali, kwa kuwa naye anakula. Miezi yenye kazi nyingi ni Oktoba na Novemba. Sababu yake anaijua kila mtu kando ya ziwa hili: mwanzoni mwa Desemba uvuvi unafungwa ili samaki wazaliane, mpaka mwisho wa Februari. Nyavu zinakunjwa na kuwekwa ndani. Panya wanajua kalenda hiyo kuliko maofisa. Nyumba isiyo na paka hufungua nyavu zake mwezi wa Machi na kukuta matundu ambayo hakuna sindano ya kuyaziba.

Mbwa nao wana kazi yao. Wanalinda chanja, yale majukwaa ya fito ambako samaki hukaushwa, dhidi ya kunguru mchana na wezi wa kila saa.

Kwa hiyo katika mtaa wa wavuvi wa Kashikishi, watu hawangoji mtoto wa mnyama azaliwe ndipo wamwombe. Anayemtaka huleta kipande cha uzi wa wavu, na mwenye mnyama huufunga shingoni mwa yule mama. Kila mmoja ana rangi yake. Uzi ukishafungwa, ahadi imefungwa. Kumpa mtu mwingine yule mtoto ni kuvunja neno mbele ya mtaa mzima. Kuna sharti moja juu ya hayo: mwenye dume ndiye huchagua wa kwanza.

Ndiyo maana swali la "ngapi" ni zito. Mwenye mnyama anataka kujua akubali nyuzi ngapi.

Chipego aliwahi kulijibu. Paka wa Boyd, mshona nyavu mwenye kibanda karibu na gati, alionekana ana watoto watano, na Boyd akapokea nyuzi tano. Walizaliwa wanne. Mtu wa tano alidai kwamba wake ameuzwa Kongo kwa siri. Shauri likafika kwa wazee wa kanisa, na Chipego akaitwa kuwa shahidi, yeye na mashine yake.

"Mzee mmoja aliomba nimwonyeshe paka wa tano kwenye simu," anakumbuka. "Nilimwambia hayupo. Akasema, basi alikwenda wapi?"

Tangu hapo ameweka mdomo wake kufuli. Anaeleza kwamba mashine hutuma sauti ambayo sikio halisikii; sauti inaingia tumboni, inagonga, inarudi, na kurudi kwake ndiko kunachora picha. Wavuvi wanaelewa haraka akiwaambia ni kama kugonga pipa la mafuta ya injini ili kujua yamebaki kiasi gani. Lakini kichwa cha mashine huona kipande kidogo kwa mara moja. Tumbo la uzazi la mbwa au paka lina matawi mawili marefu yaliyojikunja, na hewa ya utumbo huwaficha watoto walio nyuma yake.

"Ni kama kuhesabu kuku wa jirani kupitia tundu la ua," anasema. "Huyu amepita mara mbili, yule amelala nyuma ya banda. Unaweza kusema kuna kuku. Unaweza kusema wazima. Ukisema ni saba, unatafuta ugomvi."

Uji wa muhogo nao una kazi yake. Hewa iliyo kati ya ngozi na mashine huizuia sauti, kwa hiyo lazima pawe na kitu cha utelezi. Jeli ya dukani hutoka Lusaka na huchelewa, muhogo hauchelewi. Tatizo lake ni moja tu: mbwa wanaupenda. Wanaulamba kabla kazi haijaanza, na waliokuja mara mbili huingia chumbani wakitafuta chupa.

Nyuma ya Sébastien kwenye foleni, asubuhi hii ya Oktoba, amekaa mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani. Ni Rosalie Ilunga. Miguuni pake amelala mbwa wa rangi ya udongo, aliyeota mvi puani. Shingoni ana nyuzi tatu: nyekundu, kijani na bluu.

Rosalie alizaliwa Kilwa, akavuka ziwa kuolewa na Musonda, mvuvi wa Nchelenge. Kibemba chake kina kasoro, na cha Chipego pia. Kiswahili cha sokoni ndicho kinachowakutanisha. Musonda alifariki mwaka jana, mwezi wa Septemba, kwa ugonjwa wa ini. Hawakujaliwa mtoto.

Mbwa anaitwa Natotela, neno la Kibemba la kutoa shukrani. Musonda alimleta kutoka Mofwe akiwa mdogo wa kuenea katika mfuko wa koti. Amezaa mara nyingi, na watoto wake wote walitolewa.

"Hatukubakisha hata moja," Rosalie anasema. "Tulikuwa tunafikiri beko mingi. Kila mwaka bengine banakuja. Sasa yeye mwenyewe amezeeka. Hii ni ya mwisho, ninaona. Minataka moja abakie kwangu. Moja tu ya ile imbwa ya Musonda. Bale bengine bachukue."

Hesabu yake ni rahisi. Nyuzi ni tatu: nyekundu ya jirani yake Dorica, kijani ya Sébastien, bluu ya Boyd. Natotela akizaa wanne au zaidi, Rosalie anapata wake.

Chipego anampaka Natotela uji. Natotela anageuka na kuulamba. Anampaka tena.

Safari hii mkono wake hausimami haraka. Unapita upande wa kulia, unarudi, unapita kushoto, unashuka hadi karibu na mapaja. Kwenye kioo kuna mtoto mmoja, mkubwa, mbavu zake zikionekana kama meno ya kitana, na moyo unapiga mbio. Chipego anatafuta nyuma yake. Anamgeuza mbwa ubavu mwingine.

"Unanyamaza juu ya nini?" Rosalie anauliza.

"Eko na mimba. Ni muzima. Kesho umulete tena, asikule kitu asubuhi."

"Juu ya nini kesho?"

"Tumbo imejaa hewa. Sioni muzuri."

Kesho yake, tumbo likiwa tupu, anaona kilekile. Na hapo kazi yake inampeleka mahali ambapo hakutaka kurudi.

Akiwa amekaa nje ya duka baada ya kuwaaga, anaeleza kinachomsumbua. Mtoto mmoja ndani ya mbwa si habari ndogo tu ya kuwasikitisha waliofunga nyuzi. Uchungu wa kuzaa huanza kwa ishara inayotoka kwa watoto wenyewe. Mmoja peke yake anaweza asitoe ishara ya kutosha.

"Wakiwa wengi, wanabisha mlango pamoja," anasema. "Huyu anabisha peke yake, mama hasikii. Siku zinapita, mtoto anazidi kukua, mwishowe hapiti. Anakufa ndani, na anaweza kumchukua mama yake."

Kama hatasema ni mmoja, Rosalie atasubiri uchungu nyumbani kama miaka yote. Na kama atasema, halafu wakazaliwa watatu, hakuna atakayeleta mnyama kwake tena.

Anampigia simu Daktari Kasonde, mganga wa mifugo aliye mjini Mansa. Daktari anasikiliza, anauliza maswali mengi, kisha anasema hilo la mmoja analiamini. Anachotaka kujua ni siku mbwa alipopandwa. Ikibidi kumpasua, mtoto asitolewe kabla mapafu yake hayajakomaa. Siku chache tu zinaweza kumuua.

Chipego anakwenda mwenyewe nyumbani kwa Rosalie, karibu na maji. Anamkuta kwenye chanja, akigeuza samaki pamoja na Dorica, jirani yake, mjane pia, mfupi, mwenye sauti ya kuvuka ziwa. Chanja ni moja, wanaitumia wote wawili tangu waume zao walipokuwa hai.

"Mama Rosalie," Chipego anasema. "Miye huwa sisemi. Leo nasema. Eko moja."

"Moja nini?"

"Mutoto. Eko moja tu."

Rosalie anacheka. "Tumbo ile yote? Ma Chipego, umeangalia na macho ao na simu?"

"Na vyote viwili."

Ni Dorica anayeelewa kwanza maana yake. Dume aliyempanda Natotela ni wake, mbwa mweusi aliyelala kivulini chini ya samaki wakati huo huo.

"Kama ni moja," anasema, "basi ni wangu."

Rosalie anaendelea kugeuza samaki, mmoja baada ya mwingine, hata wale aliokwisha kuwageuza.

Baadaye Chipego anamwuliza kuhusu siku. Rosalie anaijua bila kufikiri. Ilikuwa Jumapili ya misa ya ukumbusho wa Musonda, mwaka mmoja tangu kifo chake. Ndugu walikuwa wamekaa uani baada ya misa, padri yuko, chakula kimepakuliwa, na mbwa wa Dorica akaingia.

"Mbele ya padri!" Rosalie anasema, akijifunika uso. "Nyanya wa Musonda anapiga makelele, banamwaga maji, imbwa hazisikii. Miye nilikuwa nimelia tangu asubuhi. Nikacheka. Nilicheka mpaka batu banafikiri nimechanganyikiwa. Musonda angecheka zaidi."

Tarehe hiyo iko kwenye daftari la kanisa na kwenye kichwa cha kila mgeni aliyekuwepo. Daktari Kasonde anapopewa, anasema ni mara chache amepata tarehe yenye mashahidi wengi namna hiyo.

Kinachofuata ni kurudisha nyuzi, na hilo hakuna anayekumbuka kuliona likifanyika kabla ya uzazi. Rosalie anaikata bluu na kuipeleka kwa Boyd, ambaye anaipokea na kushonea wavu uliokuwa mapajani mwake. Kijani anampelekea Sébastien gatini, anakopakia magunia.

"Miye nilifunga kwa imani," Sébastien analalamika.

"Basi pokea kwa imani."

"Na kama mashine imedanganya? Kama beko tano?"

"Beko tano, nitakupa mbili na nitakuombea."

Sébastien anaufunga uzi kwenye kidole chake, akisema atakaa nao hivyo hivyo mpaka aone kwa macho. Watu wa gati wanamwita bwana harusi wa mbwa wiki nzima.

Nyekundu inabaki shingoni. Dorica hakuulizwa, naye hakusema. Kwa wiki mbili wanawake hawa wawili wanakausha samaki kwenye chanja moja bila kusalimiana. Mmoja anachukua upande wa ziwa, mwingine upande wa barabara. Chipego anapita kati yao kila baada ya siku chache na mashine yake ndani ya ndoo yenye kifuniko, anampaka Natotela uji, anatazama moyo wa mtoto. Moyo wa mtoto wa mbwa ukiwa salama hupiga mbio kuliko wa mama yake, karibu mara mbili. Ukianza kupunguza mwendo, anasema, anayebisha mlango amechoka.

"Ninamwona kila mara, na hajui kama kuna mtu anamwona," anasema siku moja, akikunja waya. "Huwa nawaza hivyo. Sijui kwa nini."

Katikati ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, Daktari Kasonde anafika Nchelenge kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tarehe ya misa ikihesabiwa, wakati wa kuzaa umefika na kupita kidogo. Natotela hatweti, hachimbi, hatafuti kona. Anakula na kulala. Asubuhi hiyo Chipego anaweka mashine na kusikiliza kwa macho, kama anavyosema mwenyewe, na moyo uliokuwa ukikimbia sasa unatembea.

Chumba cha nyuma cha duka kinaoshwa kwa dawa. Meza ya mizani inageuzwa kuwa meza ya upasuaji. Rosalie amemleta Natotela kwa mkokoteni wa samaki, na nyuma ya mkokoteni, hatua chache, anakuja Dorica.

Daktari ni mtu mpole, mwembamba, anayeongea Kibemba huku Chipego akitafsiri kwa Kiswahili. Anawaambia ukweli wote. Mbwa ni mzee. Dawa ya usingizi inaweza kumshinda. Dawa nyingi inamweka mama salama kwenye kisu lakini inamfikia mtoto pia na kumlegeza. Dawa kidogo inamfaa mtoto, na mama anaweza kuzinduka katikati. Anaweza kuwaokoa wote wawili, na atajaribu. Lakini anataka kujua kabla hajaanza: ikifika mahali pa kuchagua, amchague nani?

Rosalie anamtazama Natotela. Huyu mbwa ndiye aliyebaki. Na yule aliye ndani ndiye pekee angekuja baada yake.

"Mutoto ni wangu," anasema Dorica kutoka mlangoni. "Kwa desturi. Mwenye dume njo anachagua. Si ndiyo?"

"Ndiyo," Rosalie anasema, bila kumtazama.

"Basi minachagua. Docteur, mama kwanza."

Chipego anatafsiri maneno hayo. Daktari anamtazama Rosalie, naye anatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akiwa amemshika Natotela sikio.

Wanatoka nje, wanakaa kwenye ngazi ya duka. Mvua inaanza kunyesha, na kwa kuwa kibaraza ni kifupi inabidi wasogeleane.

Ndani, Chipego ndiye mwenye kushika. Daktari anakata, anaingiza mkono, anatoa mfuko mmoja, mzito, wenye kuteleza. Anapapasa matawi yote mawili ya tumbo la uzazi mpaka mwisho. Hakuna mwingine. Anamkabidhi Chipego na kurudi kwa mama.

Mtoto hapumui. Ni mkubwa, mweusi kama baba yake, na amelegea kama soksi iliyoloa. Chipego anafuta pua, anafuta mdomo, anamsugua kwa taulo mgongoni, kwa nguvu ambayo mtu asiyejua angedhani ni hasira. Anamgeuza, anasugua kifua. Anamwambia kitu kwa Kitonga. Anaweka kichwa cha mashine kwenye kifua kidogo, bila uji, kwa mazoea tu, kisha anakitupa pembeni na kuendelea kwa mikono.

Mtoto anapiga chafya.

Halafu analia, sauti nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta, na huko nje kwenye ngazi wanawake wawili wanainuka.

"Jike," Chipego anamwambia Daktari, ambaye hainui macho kutoka kwenye sindano. Amekitoa kizazi cha Natotela, kwa sababu hangeweza kustahimili mimba nyingine. Nusu saa baadaye mbwa mzee anafumbua jicho moja, analifumba, analifumbua tena, na ulimi wake unaanza kutafuta kitu cha kulamba.

Rosalie anapoingizwa, anakaa sakafuni. Anavua kitambaa chake cheusi kichwani, anakikunja mara mbili, anakiweka chini ya kichwa cha Natotela. Dorica anabaki amesimama, mikono kiunoni, akimkagua mtoto kama anavyokagua samaki wa kununua.

"Eko mubaya kama baba yake," anasema.

"Baba yake ni mwizi," Rosalie anasema. "Aliingia kwangu siku ya misa."

"Alialikwa. Mulango ilikuwa wazi."

Ni utani wao wa kwanza baada ya wiki mbili.

Yamepita majuma mawili tangu siku ile. Mshono umefunga. Mtoto anakunywa maziwa yote yaliyokusudiwa ndugu wengi na amekuwa mviringo kama andazi. Macho yake yanaanza kufumbuka. Dorica hajabadili uamuzi wake wala hajaacha haki yake. Wamekubaliana kwamba akishaota meno atavuka chanja.

"Usiku atalinda samaki zangu," Dorica anafafanua, "muchana atakula bukari ya Rosalie. Miye sina ugali ya kupoteza."

Sébastien alikuja kuona kwa macho. Alihesabu: mmoja. Alikwenda zake akimsimulia kila abiria wa boti habari za mashine isiyodanganya, na abiria wawili wamerudi na paka ndani ya vikapu.

Chipego anasema sheria yake haijabadilika, isipokuwa mahali pamoja. "Wengi, sisemi. Akiwa mmoja, nitasema, hata nikikosea. Afadhali wanicheke." Anasema pia kwamba kosa lilikuwa lake: kwa miaka alifurahia watu wakiondoka bila idadi, wala hakuwaeleza ni lini idadi ni hatari.

Daktari Kasonde amemwahidi kuja Nchelenge kila baada ya miezi mitatu, iwapo Chipego atakuwa amewatafuta mapema wanyama walio hatarini. Mwenye duka amekubali mashine itoke nje ya Nchelenge. Mpango wake ni kwenda Puta, huko Chienge, halafu Mwansabombwe, akae siku za soko na ndoo yake, apime na kueleza. Anatumaini kwamba mwakani atakuwa amefundisha wasaidizi wawili, mmoja kila upande, ili mvuvi asisafiri siku nzima na mbwa mwenye mimba kwenye baiskeli. Kurudi Monze hakuzungumzii sana siku hizi. Kaka yake humpigia simu kumwambia ng'ombe wamezaa. Yeye humwuliza kama mama zao wako salama.

Jambo moja linampa wasiwasi. Huko Puta hawamjui, na mwanamke mgeni anayempaka mbwa uji wa muhogo anaweza kuchekwa mpaka jua litue. Kwa hiyo amemwomba Rosalie afuatane naye.

"Bataamini mashine?" Rosalie aliuliza.

"Mashine hapana. Bataamini weye."

"Nitabaambia nini?"

"Vile ilikuwa. Na misa, na padri, na yote."

Rosalie amekubali. Wataondoka Jumatatu na kulala huko siku nne. Itakuwa mara ya kwanza, tangu Musonda alipofariki, kwake kulala mbali na Natotela. Amekwenda upande wa pili wa chanja kumwomba Dorica awatazame wote wawili, mama na mtoto, na awape chakula mara mbili kwa siku. Dorica amejibu kwamba atafikiria. Jioni hiyo hiyo alionekana akiwatengenezea mahali pa kulala ndani ya nyumba yake, si uani, na akimfukuza yule mbwa mweusi kutoka kwenye gunia lake.